TCA 2/52 ni tarehe gani? Wajuzi wa kadi za hospitali njooni hapa

#1 BintiLangoni
Assalaam aleikum wanabaraza. Mama ametoka kliniki na kadi imeandikwa hivi, nanakili kama ilivyo: "HTN, DM. Amlodipine 5 mg OD 1/12. Metformin 500 mg BD 1/12. TCA 2/52." Presha na sukari tunajua anazo, aliambiwa kwa mdomo. Hayo mengine nyumba nzima imegawanyika. Kaka yangu anasema 2/52 ni namba ya faili, yaani mgonjwa wa pili kati ya hamsini na wawili. Ami anasema ni tarehe 2 mwezi wa 5. Mama anakaa Matondoni, na kumtoa huko hadi Amu mjini si jambo la kukurupuka, lazima tujipange. Arudi lini?

#2 KijanaNgala
Tarehe 2 ya mwezi ujao. Hiyo 52 ni namba yake ya foleni. Malindi tunapewa hivyo hivyo.

#3 Sista_Maweni
KijanaNgala, usimpoteze mwenzio. Mimi ni nesi, kadi za namna hii ndizo kazi yangu ya kila siku. TCA ni amri ya kurudi kliniki. Namba ya chini ya mkwaju inakwambia unahesabu nini: 7 ni siku, kwa sababu wiki ina siku 7, 52 ni wiki, kwa sababu mwaka una wiki 52, 12 ni miezi. Namba ya juu ndiyo idadi. Kwa hiyo 2/52 ni wiki mbili, 1/12 ni mwezi mmoja, na ukiona 5/7 ni siku tano. HTN ni shinikizo la juu la damu, DM ni kisukari. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. Dada, hesabu wiki mbili kutoka siku iliyoandikwa juu ya kadi, na siku hiyo mama awe kliniki.

#4 BintiLangoni
Shukran sana Sista. Sasa mbona dawa ni za mwezi mzima na kurudi ni wiki mbili? Kaka anasema hapo daktari amekosea moja, na kwa kuwa dawa zipo, mama angoje ziishe.

#5 Mfamasia_Barani
Hakuna kosa. Hiyo amlodipine haishushi presha siku ya kwanza. Huchukua kama wiki hivi kutulia mwilini, ndipo kipimo kinaonyesha kama 5 inatosha au ipande iwe 10. Daktari anataka kumwona baada ya dawa kushika. Dawa za mwezi ni akiba, ili hata boti ikikwama au siku ikipita asikae bila dawa. Mwambie kaka yako asingojee ziishe.

#6 Mwalimu_Gede
Nyongeza ndogo. Vifupisho hivyo ni Kilatini. OD ni *omni die*, kila siku. BD ni *bis die*, mara mbili kwa siku. TDS ni *ter die sumendum*, ya kunywewa mara tatu kwa siku. PRN ni *pro re nata*, yaani unywe hali ikihitaji tu, si lazima kila siku. Ila OD ina maana nyingine kwa madaktari wa macho: *oculus dexter*, jicho la kulia. Herufi zile zile.

#7 MtuWaFaza
Mwalimu umenigusa penye kidonda. Baba yangu ni mvuvi, alipimwa macho kambi ya madaktari waliokuja. Karatasi: "RE 6/60, LE 6/12. TCA 6/12." Kwa hesabu ya Sista, jicho la kushoto lina miezi sita?

#8 KijanaNgala
Hahaha jicho la miezi sita bado linanyonya 😂

#9 Sista_Maweni
Kijana tulia, swali zuri hilo. MtuWaFaza, mkwaju wa jicho si mkwaju wa tarehe. RE jicho la kulia, LE la kushoto. 6 ya juu ni mita sita alizosimama kutoka kwenye ubao wa herufi. Ya chini ni umbali ambao mtu mwenye macho mazima angezisoma herufi hizo hizo. Kwa hiyo 6/60: kile ambacho mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 60, baba yako hakisomi mpaka asogee mita 6. Jicho hilo limedhoofika sana. La kushoto, 6/12, lina nafuu. Ila ya mwisho, iliyokaa baada ya TCA, ndiyo miezi sita.

#10 Mwalimu_Gede
Ubao huo uliwekwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Mita sita ni sawa na futi ishirini, ndiyo maana Wamarekani huandika 20/20 tunapoandika 6/6.

#11 MtuWaFaza
Kumbe. Basi ndiyo sababu siku hizi jahazi analijua kwa sauti ya watu waliomo kabla hajaliona tanga. Sisi tulidhani ni uzee tu. Nitamrudisha kabla ya hiyo miezi.

#12 Sista_Maweni
Mrudishe. Kama ni mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe, huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Kama ni presha ya jicho, kilichopotea hakirudi, huzuiwa kisizidi. Hayo mawili hayatofautishwi kwa kuulizana mtandaoni.

#13 KapteniMokowe
Na presha yenyewe je? Yangu waliandika 150/95. Hapo tena mkwaju.

#14 Mfamasia_Barani
Hapo ni vipimo viwili. 150 ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, 95 ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Namba ya juu ikifika 140 au kuzidi, au ya chini ikifika 90 au kuzidi, ikipimwa zaidi ya siku moja ikawa vile vile, ndiyo huitwa presha ya juu. Kipimo kimoja hakitoshi, nahodha. Ulipimwa umetulia au umetoka kupakua mizigo?

#15 KapteniMokowe
Nilipanda ngazi za gati mbio, nikavuta sigara mlangoni, nikaingia.

#16 Mfamasia_Barani
Basi rudi tena. Kaa kwenye kiti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya hapo usiguse sigara wala kahawa.

#17 MzeeWaMkomani
Wanangu, nimesoma yote. Swali langu ni moja: kwa nini mtu wa Amu aandikiwe ugonjwa wake kwa Kilatini, lugha ambayo hata wenyewe wameshakufa? Tiba hii ilipita kwetu kabla ya kufika kwao. Kitabu cha Ibn Sina, *al-Qanun*, kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo karne ya 12 na Gerard wa Cremona, na Ulaya wakakisoma katika vyuo vyao mamia ya miaka. Yeo tunarudishiwa tiba na hatuambiwi iliyomo.

#18 Mwalimu_Gede
Shikamoo mzee. Sababu ni historia. Ulaya tiba ilifundishwa kwa Kilatini mpaka juzi juzi, Waingereza wakatuletea hospitali pamoja na vifupisho vyao. Ndiyo maana hata ile alama ya Rx juu ya karatasi ya dawa ni *recipe*, "chukua".

#19 Maabara_MLD
Rx mimi nilifundishwa ni alama ya Jupita, mungu wa Warumi, waganga wa zamani walikuwa wakiiandika kuomba dawa ikubali.

#20 Mwalimu_Gede
Hiyo naijua, na kuna wanaosema ni jicho la Horus la Wamisri. Hadithi tamu, lakini ule mstari unaokata mguu wa R ni desturi ya makatibu wa zamani kuonyesha neno limefupishwa.

#21 Maabara_MLD
Tumekusikia. Mwalimu wangu naye alikuwa mwalimu 🙂

#22 Sista_Maweni
Mzee wa Mkomani, shikamoo. Historia sawa, lakini mimi naona sababu ni foleni. Asubuhi moja benchi limejaa hadi nje, kila mgonjwa anahitaji kadi, rejista na karatasi ya famasia. Ukiandika "meza kidonge kimoja mara tatu kwa siku kwa muda wa siku tano" kwa kila mtu, wa mwisho ataonwa magharibi. Naandika "1×3 5/7", mwenzangu wa famasia ananielewa, mgonjwa anaelezwa pale dirishani.

#23 MzeeWaMkomani
Akielezwa.

#24 KijanaNgala
Mimi nasema wanaficha kusudi. Ukijua kila kitu utauliza, ukiuliza utawachelewesha.

#25 Mfamasia_Barani
Kijana, kuna pia sababu ya kazi. Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Lamu hadi Mombasa, daktari anayempokea asome bila kubahatisha. Vifupisho vinasomeka sawa huku na kule. Lakini mzee ana haki yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida na hatari zake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Kadi iandikwe vyovyote, maelezo ni haki.

#26 MamaWaShella
Haki iko kwenye karatasi, jamani. Mume wangu alipewa dawa zimeandikwa 1×3. Akaelewa ni vidonge vitatu kwa mkupuo, mara moja. Hakuna aliyemweleza lolote pale dirishani. Tumbo lilimsokota usiku kucha.

#27 Mfamasia_Barani
Pole sana. Namba ya kwanza ni vidonge kwa mara moja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. 1×3 ni kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Mimi nachora jua linachomoza, jua la utosini na mwezi juu ya bahasha, mgonjwa anaondoka anajua hata kama hakusoma. Na kuna njia ya kuhakikisha ukifika nyumbani: zidisha. 1×3 kwa 5/7 ni 1 mara 3 mara 5, vidonge 15. Fungua bahasha uhesabu. Dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni 4×2 3/7, vidonge 24 kamili. Hesabu isipolingana, rudi uulize kabla ya kumeza.

#28 Sista_Maweni
Na mseto huo dozi ya pili si ya jioni tu hivi hivi. Ni saa nane baada ya ya kwanza, halafu ndiyo zinazofuata asubuhi na jioni. Inywewe na chakula chenye mafuta, maziwa au wali wa nazi, mwili uipokee vizuri.

#29 MamaWaShella
Sista, hapo ndipo penye mtego mwingine. "Saa nane". Jirani yangu aliambiwa ampe mtoto dawa "kila saa nane". Akawa anampa saa nane mchana, kila siku, mara moja tu. Mtoto homa haishuki, mama anaapa anafuata maagizo, na kweli alikuwa akiyafuata!

#30 Mfamasia_Barani
Nalijua hilo, ni la kweli kabisa na ni kubwa. Sasa dirishani nasema "masaa manane yakipita", halafu nataja saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Na namwomba mgonjwa arudie kwa mdomo wake.

#31 MzeeWaMkomani
Hapo umesema mwanangu. Huko kurudia kwa mdomo ndiko kunakotakiwa, kuliko karatasi elfu.

#32 KapteniMokowe
Na Ramadhani je? Dawa za mara tatu mtu afanyeje, futari na daku ni mbili.

#33 Mfamasia_Barani
Usizikusanye mwenyewe mbili kwa mpigo. Mwone daktari kabla mwezi haujaandama. Dawa nyingi zina aina ya mara moja au mbili kwa siku. Wenye kisukari wanaotumia sindano ndio hasa wasijiamulie. Sukari ikishuka sana mchana ni hatari ya papo hapo.

#34 Bi_Mambrui
Naomba niandike hapa kwa sababu nasoma usiku na watu wengi hawanijui. Mdogo wangu alipoteza mimba ya miezi mitatu. Alilia mpaka tukamwogopea. Alipotoka hospitali karatasi iliandikwa "incomplete abortion". Mumewe anajua Kiingereza cha shule. Akaisoma, akasema: kumbe umetoa mimba yangu. Hakutaka kusikia neno. Akamrudisha kwetu na nguo zake. Mama yangu mwenyewe akaanza kumuuliza maswali. Nataka mtu mwenye elimu aniambie: karatasi ile inasema nini?

#35 Sista_Maweni
Bi Mambrui, pole wewe na pole zaidi yeye. Nakujibu waziwazi, na umwonyeshe shemeji yako. Katika lugha ya hospitali neno "abortion" ni mimba yoyote iliyokatika kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo. Iwe imetoka yenyewe, iwe imetolewa, neno ni hilo hilo. Hiyo "incomplete" maana yake kuna mabaki yaliyokuwa bado ndani, ikabidi asafishwe ili asivuje damu au kupata maambukizi. Karatasi hiyo haisemi kabisa kwamba alifanya kitu. Mimba nyingi zinazotoka miezi mitatu ya kwanza ni kwa kasoro ya kijusi tangu kilipotungwa, na mama hana la kufanya kuzuia.

#36 Mwalimu_Gede
Kiswahili chetu hapo kina adabu kuliko hizo karatasi: mimba *kutoka* ni kitu kimoja, *kutoa* mimba ni kingine. Uingereza madaktari walianza kuliacha neno hilo kwa mimba zilizotoka zenyewe tangu miaka ya 1980, wakashika "miscarriage", kwa sababu lilikuwa likiwaumiza kina mama. Huku bado linaandikwa.

#37 Maabara_MLD
Kwa upande wa kitaalamu linabaki kwa sababu vitabu na rejista ndivyo zilivyo. Si nia mbaya.

#38 Bi_Mambrui
Nia haikumrudisha mdogo wangu nyumbani kwake.

#39 MzeeWaMkomani
Bi Mambrui, mwanangu, mtafutie mume wake mtu mzima anayemheshimu, aende naye hospitali pale pale amuulize daktari ana kwa ana. Mwanamume hatakubali kusahihishwa na shemeji yake, lakini daktari atamsikiliza. Na mama yako umwambie leo usiku, usingoje asubuhi.

#40 Sista_Maweni
Nakubaliana na mzee. Na kama kuna kadi yake ya kliniki ya wajawazito, siku nyingine ataona "Para 1+1" au "2+1". Ile ya kwanza ni waliozaliwa, ya baada ya kujumlisha ni mimba zilizotoka. Hiyo nayo haimshtaki mtu. Mwelezeni mapema kabla hajaisoma mwenyewe.

#41 KijanaNgala
Bi Mambrui pole sana. Mizaha yangu ya juu msinihesabie katika hili.

#42 MtuWaFaza
Kuna na alama ya kuuliza. Mtu wa kwetu kadi yake iliandikwa "?TB". Kijana mmoja aliisoma kwenye boti, kabla hatujafika gati kisiwa kizima kinajua ana kifua kikuu. Vikombe vikatengwa.

#43 Maabara_MLD
Ile alama mbele ya ugonjwa maana yake "tunashuku, tupime". Makohozi yakipimwa ndiyo jibu. Na "NAD" kwenye majibu si ugonjwa, ni kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Kuna watu huja kwangu wanalia na NAD mkononi.

#44 KapteniMokowe
Na tayifodi? Kila nikipimwa ninayo. 1:80, mara 1:160.

#45 Maabara_MLD
Kipimo hicho cha Widal, cha tangu 1896, kinatafuta askari wa mwili, hakimtafuti mdudu mwenyewe. Ukiwahi kuugua zamani, au hata homa nyingine, askari wanaweza kuonekana. Jibu la uhakika ni kuotesha damu maabara, kuona kama mdudu anakua. Usinywe dawa kwa namba hiyo peke yake.

#46 Mfamasia_Barani
Lakini kuotesha damu si kila kituo kinaweza, na mgonjwa ana homa sasa hivi. Daktari ataamua kwa dalili pia. Tusiwafanye watu wakatae dawa.

#47 Maabara_MLD
Na tusiwafanye wameze dawa za tayifodi kila msimu. Usugu wa dawa unatoka wapi?

#48 MzeeWaMkomani
Kabla hamjagombana: mie nina jamaa, zamani tungesema ana mshipa. Sasa kadi inasema "hydrocele". Mwanawe anasema ni ngiri, mkewe anasema ni busha. Siyui nimsikilize nani.

#49 KijanaNgala
Ngiri na busha si kitu kimoja?

#50 Sista_Maweni
Si kitu kimoja, ingawa "mshipa" tunauita vyote viwili. Neno hilo la kadi ni busha, maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Pwani yetu mara nyingi hutokana na minyoo wale wale wa matende wanaoenezwa na mbu. Ngiri ni utumbo uliopenya ukuta wa tumbo ukashuka. Hospitali wanaweza kumulika kwa tochi: maji hupitisha mwanga, utumbo kwa kawaida haupitishi. Ngiri nyingi hutokeza mtu akikohoa na hurudi akilala.

#51 Mwalimu_Gede
Kuna sehemu wanaita ngirimaji, ndiyo inayochanganya watu.

#52 MtuWaFaza
Kwetu wazee wanasema busha ni la kunywa madafu mengi.

#53 Maabara_MLD
Madafu hayana kosa lolote. Ni mbu.

#54 MtuWaFaza
Mbona basi wanaoumwa na mbu ni wote na wenye busha ni wachache?

#55 Maabara_MLD
Kwa sababu inahitaji kuumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi sana, kwa miaka. Na wengi wana minyoo hao bila dalili ya nje. Ndiyo maana dawa za matende zilipogawiwa Lamu nyumba kwa nyumba walipewa hata wazima.

#56 KapteniMokowe
Zile zilizowapa watu kizunguzungu? Nusu ya mtaa walizificha chini ya mkeka.

#57 Sista_Maweni
Kizunguzungu na homa ndogo mara nyingi ni minyoo wakifa, na hupita. Mzee, jamaa yako busha lake hutibiwa kwa upasuaji usio mkubwa. Lakini kama ingekuwa ngiri, siku imekaza, inauma, hairudi ndani na mtu anatapika, hapo hakuna kungoja TCA. Ni boti usiku ule ule.

#58 MzeeWaMkomani
Nimekusikia. Nitampigia sasa, bado hajalala. Nimuulize ikiwa hurudi akilala.